Kwangu wanaomba nisione ugonjwa

Alikuwa anatazama mkono wangu. Mimi niko nje ya kabini, yeye yuko ndani na ekuteri, vile vya kusikilizia, kichwani, kati yetu kioo, na kazi yake ni moja tu, akisikia mlio ainue kidole. Na alikuwa anainua. Kila nikibonyeza, kidole juu. Kwanza nikafurahi, nikasema baba wa miaka 51, miaka 22 ku konkaseri ile inayosaga mawe usiku na mchana, na masikio bado mazima hivi, Mungu asifiwe. Halafu kamyo ikapita nje na kelele zake, nikapunguza sauti mpaka mwisho nisubiri ipite, na kidole changu kikagusa kile kitufe bila mimi kufikiri. Hakuna mlio uliotoka. Kidole chake kikapanda.

Pale ndipo nikaona macho yake yako wapi. Yalikuwa yameshikilia vidole vyangu, yanasoma mkono wangu kama mtoto wa shule anayechungulia kaye ya mwenzake siku ya mtihani.

Sikusema kitu. Nilivuta kiti, nikageuka kidogo mkono ukajificha nyuma ya mashine, tukaendelea. Kidole kikaacha kupanda. Mlio mmoja, miwili, mitano, na baba amekaa tu na mkono juu ya goti, na uso wake ukaanza kubadilika, alijua kuwa najua.

Kontra yake, mkataba wa kazi, inaisha mwezi wa tisa.

Nimekaa na picha hiyo wiki nzima, ndiyo nimefungua telefone niandike, juu nikimeza tena hii moja sijui kama itashuka.

Mimi ni muuguzi wa afya ya kazi. Huku Lubumbashi wananiita munganga tu, au mama munganga, na wakisikia niko kwenye dispanseri ya kampuni ya mgodi wanasema ee mama wewe umepata, kazi ya kukaa, parasetamoli na bandaji, na mshahara unakuja. Miaka tisa sasa. Bisi inatuokota jua bado halijatoka, tunapita mji umelala, kile kilima cheusi cha taka za shaba na bomba lake refu vinabaki nyuma yetu, na mimi kichwani naanza kuhesabu nani anakuja leo kwa vizite, kupimwa afya.

Mbele ya hapo nilifanya miaka mitatu ku hopitali, kwa wamama wanaozaa. Kazi ngumu, damu, kukosa usingizi, lakini kule mgonjwa anakuja na uchungu wake mkononi, anakuambia tafuta munganga, tafuta vizuri, usiniache hivi hivi. Ukiona ugonjwa anashukuru, hata kama ni mbaya anashukuru, juu sasa una jina na labda una dawa. Hapa kwangu mtu anakuja mzima. Amenyoa, amevaa shati safi, anacheka na mimi, ananiuliza watoto, na ndani yake anaomba kwa nguvu zote nisione kitu. Shida yangu ni kwamba kazi yangu ni kuona.

Neno lenyewe ni fupi sana. Inapti, yaani hawezi tena kazi hiyo. Wengi pale ku kazi hawajui Kifaransa cha kutosha hata kusoma barua ya kontra, lakini hilo neno kila mtu analijua, mpaka watoto wao nyumbani wanalijua. Anayesaini ni dokta, mimi sisaini, nataka watu waelewe hilo. Lakini dokta anakuja mara mbili kwa juma, anatazama, anaandika, anasaini, anarudi mjini, na karatasi inabaki kwangu ndani ya bahasha. Mtu anakuja kuichukua kwangu. Machozi yake yanaanguka juu ya meza yangu. Na kesho yake ni mimi niko ndani ya bisi moja na wenzake, siti ya mbele, nawasikia nyuma wananyamaza nikiingia.

Kuna mama mmoja alinifuata soko la Katuba, ni miaka minne imepita. Nilikuwa nanunua lengalenga. Akanivuta pembeni akasema polepole, "Mama munganga, bwana yangu anaangukaka usiku. Anatetemeka, povu inatoka mu kinywa, kiisha analala. Usimwambie ni mie." Bwana yake ni shoferi wa kamyo kubwa, zile ambazo gurudumu lake linanipita urefu. Nilimjua vizuri, vizite zote alikuwa ananiambia hakuna kitu munganga, niko na nguvu kama simba.

Sikulala siku mbili. Nikinyamaza, siku moja anaanguka akiwa juu ya ile mashine, na mbele yake kuna watu wanatembea kwa miguu. Nikisema, mama huyu amekufa nyumbani kwake, na baba anatoka kwenye kamyo, na mshahara wa shoferi si mshahara wa mtu wa depo, wa ghalani. Mwisho nikamwita kwa vizite ya ziada, nikamuuliza kwa kuzunguka, usingizi vipi, kichwa kinauma asubuhi, uliwahi kuamka umejing'ata ulimi. Kwa ulimi akanyamaza. Akanitazama muda mrefu. Akauliza tu, "Ni bibi yangu?" Nikamwambia hapana. Nilimdanganya mtu aliyekuwa ananiambia ukweli kwa macho yake, na kama ingerudi leo ningemdanganya tena.

Akapelekwa depo. Dawa anameza, kifafa kikipata dawa yake na mtu asipoacha kumeza wengi wanatulia kabisa, na yeye ametulia. Lakini makuta ya mshahara yalipungua, mtoto wao mkubwa alikosa mwaka mmoja wa shule, na yule mama, yeye mwenyewe aliyenifuata sokoni, hanisalimii tena. Tunakutana anageuza uso kwa nyanya. Namuelewa kweli. Ila kila nikipita pale kwenye lengalenga kuna kitu kinanibana hapa chini ya koo.

Halafu kuna siri. Watu hawajui uzito wa siri. Ndani ya kabati langu kuna madosye zaidi ya mia nane na ufunguo uko kwenye kamba shingoni mwangu, chini ya blauzi, hata nikienda chooni. Sheria ya kazi yetu inasema mkubwa wa kazi anapewa jibu moja tu, huyu anaweza kazi hii, au anaweza na masharti, au hawezi. Jina la ugonjwa halimhusu. Na kwa virusi vya ukimwi nchi yetu ina sheria yake tangu 2008 inayolinda hao watu, huwezi kumfukuza mtu juu ya hiyo. Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa telefone inalia, ni mtu wa biro ya wafanyakazi, sauti tamu, "Ma munganga, uyu mutu anakosa kila mara, eko na nini kabisa? Tuambie tu tumusaidie." Namjibu yuko apti na masharti, asifanye usiku. "Ndiyo, lakini eko na nini?" Asifanye usiku, shefu. Kimya. Halafu anakata bila kuaga. Na huyu shefu ndiye anayeandika maksi zangu mwisho wa mwaka.

Kuna mkataba wa OIT, shirika la kazi la dunia, namba 161 wa mwaka 1985, unazungumza juu yetu sisi hasa, watu wa afya ya kazi. Kifungu cha 10 kinasema tuwe huru kabisa katika kazi yetu, mbele ya mwajiri na mbele ya wafanyakazi na wawakilishi wao pia. Niliusoma mara ya kwanza kwenye mafunzo nikaandika ile sentensi kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Naisoma nikifungua, naisoma nikifunga. Lakini ukiwa huru mbele ya pande zote mbili maana yake pia hakuna upande ambao ni wako. Wafanyakazi wanasema huyu ni mtu wa patroni. Patroni wanasema huyu anabeba wafanyakazi. Saa sita mchana kula bukari yako ukimuwaza nani.

Siku ya asidi nitaiandika kidogo tu.

Kule kwetu shaba na kobalti vinatolewa ndani ya mawe kwa kuyaloweka kwenye asidi ya sulfuriki, kuna matanki na mabomba kila fasi. Vana moja iliachia. Walimleta wanaume wawili mbio, kijana wa miaka 24, mikono amefunika uso. Kwa asidi kwenye jicho dawa ya kwanza ni maji, maji mengi, hapo hapo, na yasikatike, dakika ishirini au zaidi, na jicho lazima ulifungue kwa vidole vyako juu yeye mwenyewe hawezi, kope zinajifunga kwa nguvu kama mlango. Nilimlaza, nikamshika kichwa hapa kifuani kwangu, maji yanapita kwake yanapita kwangu, na alikuwa anapiga kelele mama, mama, macho yangu. Nikamwambia niambie majina ya ndugu zako. Akasema nini? Nikasema majina, kuanzia mkubwa, nataka kuwajua. Akaanza kuwataja. Wako nane. Tulifika kwa mtoto wa mwisho nikamwambia rudia, nimesahau wa tatu. Tulirudia mara nne au tano, na mimi natazama saa ya ukutani juu ya kichwa chake, na sindano ya dakika ilikuwa kama imepigwa msumari.

Ambulansi ikamchukua. Nilibaki nimesimama ndani ya maji, sketi imeganda kwenye miguu. Nje kwenye benchi kulikuwa na watu saba wa tansyo, presha ya damu, walikuwa wamesikia zile kelele zote. Nikabadilisha koti, nikafungua mlango, nikasema anayefuata.

Jioni ile yakaja maswali. Saa ngapi alifika, nani alimleta, alikuwa amevaa miwani au hapana, karatasi ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, imejazwa, ripoti iko wapi. Yote ni maswali ya haki na niliyajibu yote. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza umekula. Ndani ya bisi mwenzangu mmoja wa jikoni alinipa karanga, nikashindwa kupasua mfuko, mikono ilikuwa inatetemeka, nikaurudisha nikamwambia sina njaa.

Yule kijana jicho moja limerudi vizuri. Lingine linaona mwanga na kivuli. Wamempa kazi ya kuandika zamu pale mlangoni, kila asubuhi anainuka kabisa kunisalimia, "Yaya munganga, umelala muzuri?", anafurahi kuniona kwa kweli. Na mimi kila asubuhi natazama lile jicho kwanza, ndipo namtazama yeye. Najaribu kuacha. Sijaweza.

Watu wanadhani hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Hapana. Siku ya ajali mwili unafanya kazi wenyewe, na jioni mtu anaweza kuelewa kwa nini unalia. Zile za polepole ndizo zinazonimaliza. Vumbi la silika halina harufu, halichomi, mtu analivuta miaka na miaka, na likiisha kuweka makovu mapafuni hakuna dawa ya kuyatoa, silikozi haina dawa, na anayekuwa nayo anashikwa na kifua kikuu upesi kuliko mwenzake. Ninachoweza ni kumpulizisha kila mwaka ndani ya mashine, vuta, vuta, puliza yote yote yote, na kulinganisha mstari wa mwaka huu na wa mwaka jana. Nina baba mmoja nimempulizisha miaka saba. Mistari saba iko kwenye karatasi moja, kila mmoja chini kidogo ya mwingine, kama ngazi ya kushuka. Alihamishwa kutoka vumbini mwaka wa tatu, nilipigania hilo kwa meno, na mstari bado ukashuka. Akimaliza anauliza kila mara, "Nimepuliza muzuri, mama?" Namwambia umepuliza vizuri sana baba. Na ni kweli, amepuliza kwa nguvu zake zote.

Nyumbani nilikuwa naona niko sawa. Mpaka binti yangu, ana miaka tisa, aliniambia mezani, "Mama, usiniongeleshe na ile sauti ya kazi." Nikamuuliza sauti gani. Akanionyesha. Akaweka mikono pamoja, akainamisha kichwa, akasema ndiyo, ndiyo, naelewa, na sasa unasikiaje? Ilikuwa mimi mzima mzima. Bwana yangu alicheka, mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo.

Mwaka 2019 shirika la afya la dunia, OMS, liliandika kwenye orodha yake hiki kitu wanachoita uchovu wa kupitiliza wa kazini. Hawakusema ni ugonjwa, walisema ni hali inayozaliwa na kazi ikibana muda mrefu bila kushughulikiwa, na walitaja mambo matatu, nguvu kuisha, moyo kujiweka mbali na kazi yako, na kuona kama hufanyi tena kitu cha maana. La kwanza nalijua, kila mama wa hapa analijua. La pili ndilo lililonitisha. Kulikuwa na siku mtu analia mbele yangu, bahasha mkononi, anasema munganga niko na watoto sita, na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa vile vile, mikono pamoja, na ndani nilikuwa nawaza gunia la makala ya kupikia limepanda bei. Sikuhisi kitu. Ndiyo siku niliyoogopa kweli, kuliko siku ya asidi.

Tangu hapo kuna mambo nimebadilisha, madogo. Nina yaya mmoja, yaani dada, muuguzi kama mimi, yuko mgodi mwingine upande wa Kolwezi. Jumapili jioni tunapigiana. Majina ya watu hatutaji, hata kampuni hatutaji, tunasema tu "yule wangu wa mapafu", "yule wako wa mgongo", na mara nyingine analia yeye, mara nyingine mimi, na mara nyingine tunaongea tu juu ya vinkubala, wale viwavi wa kula, msimu umefika au bado. Nikitoa bahasha mbaya sasa naomba dakika kumi kabla ya anayefuata, naandika mlangoni "subiri kidogo". Shefu alilalamika mara mbili. Nikamwambia shefu, mkono ukichoka unauweka chini, sasa na huu moyo niuweke wapi. Akatazama ukuta, lakini ile karatasi ya mlangoni hakuitoa.

Na ningependa wakubwa wa migodi wasikie hili, kama kuna mmoja anasoma. Baada ya ajali mbaya mtoeni muuguzi kwenye benchi siku ile, awe na mtu wa kumsikiliza aliyesomea hiyo kazi, na asipewe maksi na mtu yule yule anayemuuliza siri za watu. Mnabadilisha filtre ya maski ikijaa vumbi, mnajua ikijaa haichuji tena.

Nilisoma kwamba Uingereza, mji wa Norwich, mwaka 1878, kiwanda cha haradali cha Colman kilimwajiri muuguzi, Philippa Flowerday, na wanamhesabu kati ya watu wa kwanza kabisa kufanya kazi hii yetu. Alikuwa anamsaidia dokta pale kiwandani, halafu anatembea nyumba kwa nyumba kuwaona wafanyakazi wagonjwa. Namuwaza sana huyu mama. Zile nyumba zote, zile jikoni zote alizokaa, watu wakimtazama mkono ameandika nini. Najiuliza usiku alikuwa anamwambia nani.

Basi, baba wa konkaseri.

Ile siku nilimtoa kwenye kabini nikamwambia baba, leo kipimo siandiki, umetoka zamu ya usiku na masikio yaliyotoka kwenye kelele sasa hivi hayapimwi vizuri, lazima yapumzike kwanza kama masaa kumi na nne. Hiyo ni kweli, ni kanuni, ningepaswa kuuliza kabla sijamfunga ekuteri. Rudi Jumatatu asubuhi kabla ya zamu, hujaingia kwenye mashine. Akasema sawa mama. Kwenye mlango akasimama, bila kunigeukia akasema, "Mutoto wa mutoto wangu anasemaka na mie, naonaka tu kinywa inatembea." Akatoka.

Sauti za watoto ziko juu, na kelele ya mashine inakula huko juu kwanza, karibu na herzi 4000, ndiyo maana mtu anaweza kusikia ngoma na bisi na uwanja mzima wa Kamalondo siku timu yetu Mazembe inafunga, na asisikie mjukuu wake aliyekaa kwenye goti.

Jumamosi nilikaa na karatasi za kazi zote zilizo wazi pale kwetu, nikazisoma moja moja, fasi gani yenye kelele chini ya desibeli 85 mtu wa miaka yake anaweza kushika. Ziko mbili. Nimeandikia dokta, nimeandika na sababu zake, nimeandika pia kwamba miaka 22 ile kelele haikuwa yake, ilikuwa ya kazi, kwa hiyo ile dosye iende CNSS kama inavyotakiwa. Dokta hajajibu bado.

Leo asubuhi alifika wa kwanza, shati jeupe limepigwa pasi. Nilikuwa nimeshageuza kiti ili mkono wangu usionekane. Akaingia, akakaa, akajivalisha ekuteri mwenyewe. Halafu kabla sijagusa kitu akanitazama kupitia kioo, akafunga macho.

Nikaanza chini. Herzi elfu moja alisikia. Elfu mbili alisikia, kwa kuchelewa. Nikafika elfu nne, nikapandisha desibeli, thelathini, arubaini, hamsini, hamsini na tano, macho yamefungwa, mkono umetulia juu ya goti, sitini, sitini na tano. Kidole kikapanda polepole.